Saa Nane Mchana, Dunia Inafungwa

Naanza na upepo, kwa sababu ndio ulionipokea. Nimeshuka kwenye basi la uwanja wa ndege, uwanja wenyewe uko Keflavik, kilomita 50 hivi kutoka mjini, nikavuta zipu ya koti nililoazima kwa shemeji, nikajisemea haya, mtoto wa Kinondoni kafika. Hapohapo upepo ukanilamba kofi la shavu, kofia ikaruka. Nikaikimbiza kama mtu anayefukuza kuku wa sikukuu mpaka karibu na bahari. Watu wananitazama tu, hakuna aliyecheka. Wenyewe wameshazoea.

Na huo ulikuwa mwezi wa tano, bwana! Saa nne ya usiku jua bado liko juu linatuangalia, watoto wanaendesha baiskeli. Bomba la maji ya moto nalo, ukilifungua bafuni, linatoa harufu ya mayai viza, kwa sababu maji yale yanatoka chini ya ardhi yakiwa yamechemka yenyewe. Usiku wa kwanza nilidhani kuna kitu kimeoza chumbani. Nikainama mpaka chini ya kitanda kutafuta. Usicheke.

Sasa utaniuliza, kijana wa Dar kilichokupeleka Reykjavik ni nini? Dada yangu anaishi Copenhagen. Alinilipia nauli nikamwone mpwa wangu aliyezaliwa, na nikiwa kule nikaona tiketi ya siku nne ya kwenda Aislandi kwa bei ya kutupa. Dada akang'aka, "We una wazimu? Kuna nini huko zaidi ya barafu?" Nikamwambia kuna gemu nataka kwenda kuliona lilikozaliwa. Akanitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa darasa la tatu. "Umri huo wote, bado magemu tu?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekimbia ugomvi. Sisi ni washikaji watatu, tuna gemu letu la karata kwenye simu. Lasti kadi, watu wanne mezani, kila mmoja yuko kwake, wanakutana mtandaoni. Tumelihangaikia mwaka na nusu kwenye chumba kimoja chenye feni moja. Watu wanalipenda, siwezi kulalamika. Ila lina kimeo. Mtandao ukikatika katikati ya mchezo, na wewe unajua mtandao wetu mvua ikidondoka, mchezaji akirudi mezani anakuta karata zimeyeyuka na pointi zake zimefutika. Haitokei kila mara. Hapo ndipo penye kasheshe, maana kimeo cha kila siku unakikamata, lakini cha mojamoja ukikitafuta kinajificha, ukienda kulala kinatoka.

Mwenzangu mmoja, yule mchoraji, hataki kusikia habari ya kimeo. Anataka migongo ya karata yenye rangi, sauti za mezani, na vikatuni vya kuzomea ukimfunga mtu. "Mzee, wateja hawali viraka!" ndiyo hoja yake, na anaisema kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nataka tufunge kila kitu miezi miwili tusafishe. Wa tatu ndiye anayeshika fedha, naye alisema jambo moja tu: fedha iliyobaki ni ya hiyo miezi miwili, basi. Ukiichezea kwa kusafisha, hakuna ya kupaka rangi. Ukipaka rangi, hakuna ya kusafisha. Tulitupiana maneno ambayo washikaji hawatupiani. Niliondoka Dar bila kumuaga mchoraji.

Ndiyo maana nilitaka kwenda Reykjavik. Gemu ninalolisema linaitwa EVE Online, lilifunguliwa mwezi wa tano mwaka 2003 na kampuni ya CCP, iliyoanzishwa mjini pale mwaka 1997. Ni gemu la vyombo vya anga. Unaruka kwenye nyota, unachimba madini, unafanya biashara, unaibiwa, unapigana. Uzuri wake, au ubaya wake, ni kwamba karibu wachezaji wote wanaishi kwenye ulimwengu mmoja, hawagawanywi mafungu mafungu kama kwenye magemu mengine. Ukimdhulumu mtu leo, mwakani mtakutana.

Nililicheza sana nikiwa chuo, kwenye kompyuta ya kuazima. Kila siku saa nane kamili mchana gemu linafungwa, wote mnatolewa nje, wanafanya usafi kwenye seva, halafu mnafunguliwa. Zamani ilikuwa saa nzima, siku hizi wamepunguza mpaka dakika chache. Mimi nilikuwa nakula wali wangu saa hiyo. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza kwa nini saa nane. Nimefika Reykjavik ndipo nikatazama saa ya ukutani hotelini: saa nane yetu ni saa tano ya asubuhi kwao. Saa ya gemu ni saa ya Aislandi. Jamaa wamekunywa kahawa yao, wamekaa mezani, ndipo wanafunga dunia. Nilifurahi peke yangu kama mjinga.

Siku ya pili nikateremka bandari ya zamani. Njiani kuna kibanda cha soseji ambacho kipo tangu mwaka 1937, Bæjarins Beztu Pylsur, hata Bill Clinton alikula pale mwaka 2004. Nikapanga foleni. Wanakuwekea kitunguu kibichi na kitunguu cha kukaanga kwa pamoja, na haradali tamu. Tamu kweli, ila wasiokula nguruwe wajihadhari, nyama imechanganywa. Bei nilipoigeuza kuwa shilingi nilianza kutafuna polepole.

Pale bandarini pana meli za kuvulia samaki, za kupeleka watalii kuangalia nyangumi, na ng'ambo kidogo ukumbi wa Harpa, jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 2011, ambamo wachezaji wa EVE wamekuwa wakikutana kwa sherehe zao. Na kando ya bandari hiyohiyo ndipo pana kitu nilichokifuata: mnara wa kumbukumbu wa wachezaji. Mnara wa kweli, sio wa kwenye kioo cha kompyuta. Una urefu wa mita 5 hivi, umetengenezwa na msanii Sigurður Guðmundsson, ukazinduliwa mwezi wa tano mwaka 2014. Kwenye kitako yamechongwa majina ya wachezaji, maelfu kwa maelfu, herufi ndogo kama za maelezo ya dawa ya kikohozi. Chini yake wamefukia kompyuta yenye ujumbe wa wachezaji, ifukuliwe mwaka 2039.

Msomaji, fikiria. Jiji limemwekea mnara mtu anayejiita jina la kuchekesha na kuendesha chombo kisichokuwepo. Nikamkuta mzungu mmoja wa makamo amepiga magoti kwenye upepo ule, anapitisha kidole kwenye majina. Nikamwuliza anatafuta jina lake? Akasema hapana, la rafiki yake aliyefariki. Tukalitafuta wote wawili, dakika 20 nzima, vidole vimekufa ganzi. Tulipolipata hakusema neno. Akapiga picha, akanishika bega, akaenda zake.

Nikabaki pale nawaza. Ukitengeneza kitu ambacho watu wanakishika namna hii, huwezi kukichukulia poa.

Lakini usidhani mambo yalikuwa shwari siku zote. Hapa nirudi nyuma kidogo, maana ndiko kwenye uhondo wenyewe.

Desemba 2007 walileta toleo jipya lenye sura mpya, vyombo vimechorwa upya, vinang'aa. Watu wanapakua kwa furaha. Kumbe ndani ya toleo kuna kosa dogo. Gemu lilikuwa na faili lake linaitwa boot.ini, na toleo lilitakiwa kulifuta la zamani. Alama moja tu ya ziada kwenye maandishi ya programu, badala ya kufuta boot.ini ya gemu likafuta boot.ini ya kompyuta yenyewe, ile Windows XP inayoitegemea kuwaka. Unazima kompyuta usiku umeridhika na sura mpya, asubuhi haiwaki! Tena ikumbukwe, hii haikuwa kasoro ya zamani iliyosahauliwa. Ilikuja imepanda ndani ya kitu kipya, kama kunguni kwenye godoro la dukani.

Ila lililowatikisa kweli ni la mwaka 2011. Miaka ya kabla yake wachezaji walikuwa wanalalamika: silaha fulani hazifai kitu, vita ikiwa kubwa seva inakwama, vitu vilivyoanzishwa vimeachwa nusu. Kampuni nayo ilikuwa na ndoto kubwa, inatengeneza na magemu mengine pembeni. Juni 21 wakafungua toleo linaloitwa Incarna. Kitu kipya? Ushuke kwenye chombo chako, utembee kwa miguu ndani ya chumba chako. Picha nzuri ajabu, mpaka kompyuta za watu zikaanza kutokota. Lakini ni chumba tu. Peke yako. Una kochi, una televisheni, una mlango, na mlango haufunguki! Wakaondoa na ule ukumbi wa zamani ambamo ulikuwa unakaa unakizungusha chombo chako kwa kipanya bila sababu yoyote. Upuuzi mtupu, lakini watu waliupenda upuuzi wao.

Juu yake wakafungua duka la mavazi. Humo kuna miwani ya jicho moja, ya kuvaa ndani ya gemu tu, na bei yake ukiipiga kwa fedha za kweli ni dola 60 na kitu. Dola 60! Halafu likavuja jarida la ndani la kampuni lililojadili kuuza vitu zaidi, na ujumbe wa bosi kwa wafanyakazi, kwamba nyakati kama hizi tuangalie wachezaji wanafanya nini kuliko wanasema nini.

Basi wakafanya. Waliingia kwa mamia kwenye mji wa biashara wa ndani ya gemu, Jita, wakazunguka sanamu iliyosimama pale na kuanza kuipiga mizinga. Sanamu haivunjiki, iliumbwa isivunjike. Wao wanaipiga tu. Wengine wakafunga akaunti zao, na hiyo ndiyo lugha ambayo mshika fedha yeyote anaielewa bila mkalimani. Mwisho wa mwezi uleule kampuni ikawapandisha ndege wajumbe wa baraza la wachezaji, baraza la kuchaguliwa kwa kura lililoanza mwaka 2008, wakaletwa Reykjavik kwa kikao cha dharura.

Oktoba bosi huyohuyo, Hilmar Pétursson, akaandika barua ya kuomba radhi, akakiri makosa. Mwezi huohuo kampuni ikapunguza wafanyakazi, karibu mmoja kati ya kila watano. Hapo nilipokuwa nasoma habari hii zamani niliruka haraka niendelee na vita vya anga. Safari hii, nimekaa kwenye ukuta wa bandari, sikuruka. Mmoja kati ya watano. Sisi tuko watatu tu, tukipunguza hesabu ile haigawanyiki.

Novemba 29 mwaka uleule likatoka toleo la Crucible. Na hapa, msomaji, naomba utulize boli, maana mimi mwenyewe nilikuwa nalikumbuka vibaya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwahubiria wenzangu kwamba Crucible ni toleo la usafi, jamaa waliacha mapambo wakarekebisha vimeo, gemu likapona. Usiku ule hotelini nikalisoma upya. Ni kweli walirekebisha vitu vidogo vidogo chungu nzima. Silaha zile zilizokuwa hazifai zikanolewa. Kukizungusha chombo kukarudishwa, tena wakaweka na kihesabio cha mizunguko, kama mtu anayemwomba mkewe radhi na kumletea kanga juu. Lakini humohumo mlikuwa na vyombo vinne vipya vya vita, na anga lenyewe likachorwa upya, limejaa mawingu ya rangi. Kumbe hawakuacha rangi! Waliipaka mahali ambapo watu wanaishi tayari, badala ya kujenga chumba kipya chenye mlango usiofunguka.

Hilo lilinikaa rohoni vibaya, maana lilikuwa upande wa yule mchoraji.

Ukilifikiria kwa hesabu za kazi, lina sababu yake. Mchoraji hawezi kuingia kwenye matumbo ya seva akashona. Ukisema miezi miwili ni ya usafi tu, yeye anakaa anapiga miayo. Na mimi nikiambiwa nichore vikatuni, vitatoka kama viazi. Kwa hiyo swali la kipya au kiraka linaulizwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu mikono yenyewe ni tofauti. Ugomvi halisi uko kwa yule anayeweza kufanya vyote viwili, na kwetu huyo ni mimi peke yangu.

Wako waliosimamisha mambo waziwazi, sikatai. Mwaka 2017 Ubisoft waliahirisha vitu vipya vya Rainbow Six Siege kwa muda wa miezi 3 ili washughulikie seva na kasoro, wakaipa kazi hiyo jina kabisa, Operation Health. Lakini Ubisoft wana mfuko. Sisi tuna feni moja.

Kuna jambo jingine la EVE ambalo ndilo lililonifungua kichwa. Vita yao ikikusanya maelfu ya vyombo mahali pamoja, seva inazidiwa. Zamani ilikuwa inakwama tu, unabonyeza risasi leo inatoka kesho, mwingine anatupwa nje, mwingine anakufa hajui kauawa na nani. Kwenye kipindi kilekile cha kutubu wakaja na ujanja: seva ikizidiwa, muda wenyewe unapunguzwa mwendo, mpaka asilimia 10 ya kawaida. Dakika moja inakuwa kama dakika kumi. Kila mtu anakwenda polepole, lakini wote sawasawa, hakuna anayedhulumiwa. Ni kama trafiki amesimama kwenye makutano anaruhusu magari mojamoja. Foleni ni ndefu, lakini hakuna aliyegongana. Januari 2014 walipigana vita moja kwa saa 21 kwa mwendo huo wa kobe, vyombo vilivyoteketea vikathaminiwa zaidi ya dola 300,000.

Sasa niambie, hicho ni kiraka au ni kitu kipya? Kasoro ya seva haikwisha. Walichofanya ni kuitoa hadharani na kuipa adabu, wachezaji wakaikubali kuwa sehemu ya mchezo.

Na kile chumba cha Incarna? Kilikaa miaka, wachache wanakitumia, kila toleo jipya mafundi wanalazimika kuhakikisha hakijaharibika. Agosti 2017 wakakivunja. Ndivyo vitu vipya vilivyo, unalipia siku ya kujenga, halafu unalipa kodi yake kila mwezi mpaka uamue kubomoa.

Siku ya mwisho, kabla ya basi la uwanjani, nikarudi tena mnarani. Saa yangu ya Dar ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Nikatoa simu, vidole havinyooki. Sikumwandikia mshika fedha. Nilimwandikia mchoraji.

Nilimweleza hivi. Kimeo chetu kinatokana na haraka. Mtu akikatika, seva yetu palepale inakipa kiti chake kompyuta imchezee. Mwenyewe akirudi wanakuwa wawili kwenye kiti kimoja, wanaandika pointi mahali pamoja, mwisho zinafutika zote. Tumekuwa tukitafuta namna ya kuwatenganisha wale wawili. Tusiwatenganishe. Kompyuta isikae kabisa. Mtu akikatika, meza nzima isubiri sekunde 60, kiti chake kiwekwe kofia. Asiporudi, amejitoa.

"Na hizo sekunde 60 hao watatu wakae wanatazamana?" akajibu. Upesi, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Hapo ndipo wewe unaingia," nikaandika. "Wape vikatuni vyako wamzomee aliyekatika. Akirudi avikute vimejaa kwenye kiti chake."

Kimya. Meli ya nyangumi ikapiga honi. Nikatazama majina kwenye kitako, nikatafuta tena lile la rafiki wa yule bwana, nikalipata upesi kuliko mara ya kwanza. Karibu nalo pana jina moja limekwaruzwa, mtu ana kisasi chake, kakifuata mpaka kwenye mnara.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa picha. Kachora kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, haraka haraka: kiti kitupu, juu yake kofia, na kuku watatu wamekizunguka wanacheka mpaka machozi.

Chini yake kaandika, "Miezi miwili inatosha. Ila kuku sipunguzi hata mmoja."